Mjomba alinilipia karo, sasa anataka nimchoree jengo la orofa

Mwalimu, pokea salamu zangu.

Mimi ni msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa uhandisi wa ujenzi na mazingira katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Babangu alifariki nikiwa darasa la saba. Tangu niingie kidato cha kwanza, aliyenilipia karo ni mjomba wangu, kakake mama. Si tajiri. Ana matatu mbili zinazobeba abiria kati ya mjini na Eastlands, lakini hata pesa za HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, zilipochelewa ni yeye aliyetoa. Mimi na mama tunakaa Umoja, na kuna miezi ambayo hata kodi ya nyumba ni yeye.

Mwaka huu amenunua ploti ya hamsini kwa mia huko Mihang'o. Anataka kujenga nyumba za kupangisha: maduka chini, kisha orofa nne juu, kila orofa nyumba sita. Nyuma ya ploti kuna kijito ambacho kiangazi hukauka na mvua ikinyesha hujaa. Wiki iliyopita alinitumia kwa simu michoro ya jengo la rafiki yake lililoko Ruaka. Anataka nibadilishe jina na vipimo vichache, halafu niondoe nguzo mbili za duka la mbele kwa sababu amepata mpangaji wa supamaketi ndogo anayetaka nafasi iliyo wazi. Anasema fundi wake amejenga orofa nyingi na anajua kazi, kinachokosekana ni karatasi za injinia tu. Muhuri atautafuta mwenyewe, kuna mtu anamjua. Msingi unaanza kuchimbwa mwezi ujao.

Nilimwambia kuwa sijahitimu. Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Kama mpaka leo huwezi kuchora nyumba, mimi nimekuwa nikilipia nini?" Sikuwa na jibu. Mama naye ameshaanza kuniambia kuwa fadhila za punda ni mateke.

Kuna jambo lingine. Niliwahi kumdokezea mjomba kuwa masomo yanayonivutia zaidi ni ya maji safi na maji taka, na kwamba nikifika mwaka wa mwisho ningependa mradi wangu uwe huko. Alisema hakunisomesha nikawe mtu wa vyoo. Kwake injinia ni mtu wa majengo na barabara.

Masomo nayaweza. Programu za kuchora kwenye kompyuta nazijua, na nikiketi nazo siku mbili naweza kutoa karatasi zinazopendeza macho. Hilo ndilo linanitia hofu. Nimkatalie vipi mtu aliyenilea bila kuvunja undugu?

Mpwa mwenye deni, Nairobi

*

Mwanangu,

Usichore. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mwezi ujao si mbali. Usibadilishe jina kwenye michoro ile, usiondoe nguzo hata moja, na usimpe mjomba faili lolote lenye vipimo vya msingi, zege au chuma, hata kama juu yake umeandika kwa herufi kubwa kuwa ni rasimu. Karatasi ikishafika saitini hakuna anayeuliza kama ni rasimu. Fundi hujenga kile alichoshika mkononi.

Sasa tuongee kuhusu mjomba, maana barua yako imenigusa. Swali lake limekuumiza, lakini ni swali halali la mtu aliyetoa jasho lake, na nadhani litakuwa baya tu ukiliacha bila jibu. Mjibu. Amekuwa akilipia mtu anayeweza kuitazama michoro ya Ruaka na kujua kwa nini haiwezi kusimama Mihang'o. Fundi wake hajui hilo. Yeye mwenyewe hajui. Wewe, kwa masomo ya miaka mitatu tu, unaweza kumwonyesha akaona kwa macho yake. Kwa hiyo usiende kwake na hoja ya "sijahitimu", kwa sababu masikioni mwake ni kama kusema hujui kitu. Nenda na unachokijua.

Anza na udongo. Ruaka, kama Kabete na Kikuyu, ni nchi ya udongo mwekundu unaotulia: ukilowa na ukikauka haubadiliki sana. Ukishuka upande wa mashariki, Embakasi, Utawala, Mihang'o, hata ukavuka kwenda Athi River, unakutana kwa wingi na ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Umeusoma darasani: una madini ya mfinyanzi ya aina ya smektaiti, yanayonyonya maji na kuvimba, kisha yakikauka yanasinyaa. Ndiyo sababu Februari unaona nyufa ardhini unazoweza kuingiza mkono, na masika yakifika nyufa zote zinafumba. Jengo lililokalia udongo huo linasukumwa juu mvua ikinyesha na kuachwa kiangazi, tena si sawasawa. Maji huingia kwanza pembeni, katikati ya jengo kukiwa bado kukavu, na ukuta unaanza kupasuka kwa mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha. Kwa jengo zito kama la mjomba kuna hofu kubwa kuliko hiyo: udongo huo ukishiba maji huwa laini na nguvu yake ya kubeba inashuka. Msingi uliopimiwa udongo mwekundu wa Ruaka, kina chake na upana wake, hauna habari yoyote na hayo.

Usimweleze kwa maneno. Jumamosi nenda naye kwenye ploti, chimbeni kidogo chini ya majani na mizizi, mchukue udongo kiasi cha kujaza mfuko mdogo. Omba mtu wa Ruaka au Kikuyu akuletee mwekundu. Uanike yote miwili hadi ikauke kabisa, utwange, uchekeche, kisha kwenye maabara ya udongo ya idara yenu omba mitungi miwili ya kioo yenye alama za mililita. Mimina mililita 10 za unga wa kila udongo kwenye mtungi wake wenye maji, polepole, uiache hadi kesho yake. Ni kipimo cha zamani na hakigharimu kitu. Ukikuta ule mweusi umepanda hadi 20 au zaidi wakati mwekundu umebaki karibu pale pale, piga picha mitungi ikiwa imekaa pamoja. Mjomba hahitaji digrii kuielewa picha hiyo. Na usimwambie kuwa kipimo hicho kinatosha kuchora msingi, maana hakitoshi. Kinatosha kuonyesha kwamba lazima mtu mwenye sifa achimbe shimo la majaribio, ashuke hadi kwenye murram au mwamba, na aseme msingi ukalie nini.

Baada ya udongo, zile nguzo mbili. Hapa hesabu unayo kichwani. Tuseme nguzo ziko mita 3.5 kutoka moja hadi nyingine. Ukitoa moja, boriti iliyokuwa ya mita 3.5 inakuwa ya mita 7. Kwa mzigo ule ule kwa kila mita, momenti ya kupinda, yaani ile nguvu inayoikunja boriti, haizidi mara mbili, inazidi mara nne, kwa kuwa inafuata mraba wa urefu. Kulegea katikati kunafuata urefu kwa kipeo cha nne, yaani mara kumi na sita. Fundi akisikia "mara mbili ya urefu" ataongeza chuma mara mbili na kulala usingizi mzuri.

Lakini hata hesabu hiyo si kiini cha hatari. Muulize mjomba: ukiondoa nguzo ya chini, nguzo ya orofa ya kwanza itakalia nini? Na ya pili juu yake? Zote zitatua katikati ya boriti ile. Kwa makisio ya haraka, jengo la namna hii lina uzito wa tani 1 hivi kwa kila mita mraba ya kila orofa, ukijumlisha slabu, kuta, watu na vyombo. Nguzo ya ndani inayobeba eneo la mita 3.5 kwa 3.5 inapokea zaidi ya tani 12 kila orofa, na orofa nne ni karibu tani 50, bila paa. Tani 50 zilizokuwa zinashuka moja kwa moja hadi ardhini zitaning'inia katikati ya supamaketi. Inawezekana kujenga hivyo, majengo ya aina hiyo yapo, lakini boriti yake ni kazi ya mhandisi wa miundo aliyebobea, na nguzo za pembeni pamoja na misingi yake hubadilika zote. Hakuna anayefanya hivyo kwa kufuta duara mbili kwenye kompyuta.

Nairobi imeyaona haya. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la kupangisha liliporomoka Huruma, kando ya mto, na karibu watu 50 wakapoteza maisha. Lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wanalipa kodi ndani yake. Mjomba wako anapanga nyumba 24. Wape hao wapangaji nyuso: ni watu wa Umoja, ni watu kama wewe na mama.

Sasa nije kwenye "mtu wa vyoo", kwa sababu hapo mjomba amekosea kabisa, na ploti yake mwenyewe ndiyo itakayomwonyesha. Nyumba 24, watu watatu kila nyumba, tuseme watu 70. Kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku ni lita 5,600, na sehemu kubwa yake, lita 4,700 hivi, inatoka ikiwa maji taka. Kila siku. Yanaenda wapi? Kama bomba la maji taka la jiji halijafika kwenye ploti hiyo, fundi atachimba tangi na shimo la kupenyeza maji ardhini, kama alivyofanya kwingine. Lakini udongo ule mweusi ukishavimba haupitishi maji. Ile sheria ya Darcy ya maji yanavyopenya udongoni, unayoitumia kwenye makanika ya udongo, ilitokana na kazi ya Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon maji huko Ufaransa, na matokeo yake ya kupitisha maji kwenye mchanga aliyachapisha mwaka 1856. Mtu wa maji ndiye aliyewapa watu wa misingi hesabu yao. Ingiza kwenye hesabu hiyo upenyezaji wa mfinyanzi uone ni tone ngapi zitapita kwa siku. Shimo litajaa, litafurika, na maji yatafuata mteremko hadi kwenye kile kijito.

Asipotaka yafurike, atalipia lori la kunyonya. Lori la lita 10,000 litajaa kila baada ya siku mbili. Mpe mjomba hesabu hiyo aizidishe mwenyewe kwa bei anayotozwa mtaani, kwa mwezi, kwa mwaka, kisha aipunguze kwenye kodi anayotarajia. Huenda akagundua kuwa orofa ya nne yote itakuwa inafanya kazi ya kulipa lori. Njia za kulitatua zipo: kuulizia mapema mpango wa bomba la jiji, kujenga mtambo mdogo wa kusafisha maji pale pale, kupunguza idadi ya nyumba. Kila moja inataka mtu aliyesoma kile unachotaka kusoma.

Na kama bado anaona ni kazi ndogo, mpeleke siku moja Ruai, si mbali na ploti yake, yaliko mabwawa ya Dandora yanayopokea sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi. Ni mabwawa mapana yaliyopangwa kwa mfululizo. La kwanza ni la kina kirefu lisilo na hewa, bakteria wanaula uchafu mzito huko chini. Linalofuata ni pana na la kina kifupi, mwani unatengeneza oksijeni kwa nguvu za jua na bakteria wengine wanaendelea na kazi. Ya mwisho ni ya kuua vijidudu kwa jua na muda. Hakuna mashine kubwa humo, ila kuna hesabu ya kila mita ya kina na kila siku ya kukaa. Maji yakitoka pale yanaingia mto Nairobi, mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Watu wa njia nzima hiyo wanategemea kama kazi ya Ruai imefanywa vizuri. Mwanangu, soma maji. Nchi hii ina watu wengi wanaotaka kujenga orofa na wachache mno wanaouliza maji ya orofa hizo yanaenda wapi. Isitoshe, huachi majengo: tangi, bwawa, na handaki la maji ni miundo pia, na nadharia ya miundo utaibeba hadi mwisho.

Kuhusu kijito, nitapita haraka. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe bila kujengwa, kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto. Kukauka kiangazi hakukiondolei kijito jina lake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi kando ya mito ya Nairobi, Mathare zikiwemo, zilibomolewa. Mjomba apime kabla hajamwaga hata karai moja la zege.

Suala la muhuri lina hatari ambayo huenda hujaiona vizuri. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inakataza mtu ambaye hajasajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya kutoa huduma za uhandisi au kujiita mhandisi. Ukimaliza digrii utasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha ufanye kazi angalau miaka 3 chini ya waliokutangulia, ndipo uombe kuwa mhandisi kamili mwenye muhuri. Muhuri wa kuazima kwenye michoro yako utakuweka wewe na mwenye muhuri kwenye kosa moja, na usajili wako unaweza kufungwa kabla haujafunguliwa.

Hili mweleze mjomba kwa lugha ya barabara. Je, anaweza kukukabidhi matatu yake iliyojaa abiria, ikishuka Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa umefaulu mtihani wa nadharia wa udereva na wewe ni mpwa wake? Hawezi. Anajua leseni ya PSV ni nini, na anajua siku ya ajali bima itasema nini ikikuta dereva hana leseni. Yeye mwenyewe ndiye mtu wa kwanza atakayekuelewa.

Lakini usimwachie jibu la kukataa tu. Mpelekee njia. Katika idara yenu kuna wahadhiri waliosajiliwa wanaofanya kazi za nje. Zungumza na mmoja unayemwamini wiki hii, umweleze ploti ilivyo, umwombe akuelekeze kwa mhandisi wa miundo na msanifu wa majengo. Jina lolote utakalopewa, litafute kwenye orodha ya Bodi. Kisha mwende pamoja, wewe na mjomba. Ada ya mhandisi ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo zima, na mara nyingi inajilipa, kwa sababu fundi asiye na hesabu hujilinda kwa kurundika chuma mahali kisipohitajika na kukisahau pale kinapotakiwa. Baada ya michoro bado kuna idhini ya kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira), na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ndiyo, ni mlolongo, na inachosha. Kukimbizana na karatasi hizo ni kazi unayoweza kumfanyia bila kuvunja sheria, na mtu anayeshinda stejini tangu alfajiri ataithamini.

Kisha mwombe mhandisi huyo akupokee saitini wakati wa likizo. Idara ikikubali, hiyo inaweza kuwa atachimenti yako, yale mafunzo ya kazini. Hapo ndipo utamlipa mjomba hasa. Siku ya kumwaga slabu simama karibu na mashine ya kukoroga. Utaona kijana wa mjengo anaongeza maji ili zege lisukumike kwa urahisi. Kila ndoo ya ziada inakula nguvu ya zege, na wewe ndiye utakayesema basi, kwa upole, huku koni ya kupimia ulaini ikiwa mkononi. Jaza zege kwenye zile boksi za chuma za milimita 150, tabaka tatu, kila tabaka ukilishindilia, uandike tarehe na sehemu ya jengo, kesho yake uvitoe vipande vya zege na kuvizamisha majini. Vikivunjwa maabara baada ya siku 7, zege la daraja la 25 liwe limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake. Baada ya siku 28 lifikie yote. Hesabu ringi, zile pete za chuma, za kila nguzo kabla mbao hazijafungwa, maana zikishafungwa hakuna tena wa kuhesabu. Mwenye jengo mwingine angelipa mtu wa kumfanyia uangalizi huo kwa uaminifu. Mjomba atakuwa na mpwa wake.

Mama umweleze kwanza, kabla ya mjomba, mkiwa wawili. Methali ile ya punda imetoka kwenye hofu ya kumkosea kakake, na akielewa kuwa hukimbii deni bali unampa kakake jengo litakalosimama, atakaa upande wako siku ya mazungumzo. Na mazungumzo yenyewe yasiwe kwa simu wala mbele ya fundi. Mkute nyumbani, baada ya hesabu za jioni, umsalimu, umshukuru kwa kumtajia aliyokufanyia moja moja. Sema, "Mjomba, siwezi kuchora jengo hili, na nimekuja kukuonyesha kwa nini, na nitakachofanya badala yake." Kisha toa picha ya mitungi.

Akikataa kabisa, akapata wa kumchorea mahali pengine na kuanza kuchimba? Mwombe mzee mmoja wa familia anayemheshimu aingie kati, ukiwa na mhadhiri wako. Hata hilo likishindikana, basi itabidi kaunti au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi wajue, kwa kuwa wanaweza kusimamisha kazi kabla orofa hazijapanda. Mwambie mjomba kabla hujaenda, wewe mwenyewe, asilisikie kwa mkaguzi langoni. Najua ninakuomba jambo zito, na sikuombi kwa wepesi. Ila sidhani mtafika huko. Mtu anayehesabu mapato ya matatu kila jioni ataisikia hesabu ya lori la kila siku mbili kabla ya hoja nyingine yoyote. Baada ya picha, iweke hiyo mezani.